Mwaka Niliomsomea Papa Bahati Mishale

Habari ya kifo cha Papa Bahati ilinikuta jikoni nikisonga bugali, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Aliyenipigia alisema kwa kifupi tu: yule muzee wa Mushaki, aliyekuwa shoferi wa Mama Kavugho, ametutoka, na kilio kiko nyumbani kwake kando ya barabara. Nilizima moto, bugali ikabaki mbichi kwenye sufuria, na mimi nikakaa kwenye kigoda nikalia kama mtoto. Kulikuwa na jambo moja nililopaswa kumwambia mzee yule kwa mdomo wangu mwenyewe, na miaka yote nilikuwa najidanganya kwamba muda upo. Nimepita Mushaki mara ngapi? Kila mara nilipiga klaksoni mbele ya nyumba yake, yeye akainua mkono kutoka kwenye kiti chake cha mbao, na mimi nikakanyaga mafuta. Sikusimama hata siku moja. Sasa amebaki mke wake, Mama Espe, na nikajiambia: Zawadi, utaenda, utamwambia yeye, hata akikufukuza na mwiko.

Kesho yake asubuhi nikawasha gari. Gari la siku hizi, jamani, halina adabu. Usipofunga mkanda linapiga kelele. Mlango usiposhika vizuri, kelele. Linakushtaki mbele ya mchungaji, mbele ya mkwe, halijali nani amekaa pembeni yako. Vijana ninaowafundisha kuendesha hulichukia jambo hilo, wananiuliza kama hakuna namna ya kulinyamazisha. Mimi huwaambia waliache lipige. Nikapanda taratibu kutoka Sake, mlima mmoja baada ya mwingine, na nilipokaribia Mushaki ukungu ukashuka kama unavyoshuka siku zote pale, ng'ombe wakawa vivuli, waliobeba karoti na viazi wakawa sauti tu kando ya barabara. Nikawasha taa. Mbele yangu vidude vya tableau, ule ubao wa mishale na taa mbele ya dereva, viling'aa, vya kijani na vya bluu, na nikiviangalia nikawa tena na miaka ishirini, sijui kitu.

Mwaka ule Mama Kavugho, mfanyabiashara aliyetoka Butembo akafungua duka Masisi, alinichukua nimsaidie, na baada ya wiki chache akanipandisha kwenye kabini ya kamyoneti yake, lori lake dogo, ili nisimamie mizigo inapopakiwa na kushushwa. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, akisali rozari huku anapanga sabuni. Nililala kwenye chumba nyuma ya dipo la bidhaa, katikati ya magunia ya chumvi na marobota ya vitenge, na alfajiri chumba kile kilinuka sabuni, samaki wakavu, na kahawa aliyokuwa akiipika Papa Bahati nje ya dirisha langu. Papa Bahati alikuwa shoferi wake wa miaka mingi: mrefu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani jua na mvua, mpole mpaka unajiuliza kama mwenzako yuko macho. Siku ya kwanza aliniambia nipande, nikapanda. Akaingiza ufunguo, akauzungusha nusu, akaacha. Taa zikawaka zote mbele yetu, nyekundu na za machungwa, na nje ukungu ulikuwa umetufunika pande zote, hata duka halionekani. Nilijiona niko kanisani siku ya Noeli.

"Unajua kusoma?" aliniuliza.

"Ndiyo, Papa. Nilimaliza masomo."

"Basi unisomee."

"Nisome nini? Hakuna maneno hapa."

"Njo vile. Haina maneno. Soma."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Nikaona ni mtihani, na mimi mitihani nilikuwa naipenda. Kwa hiyo tulianza, na ilichukua mwezi mzima na zaidi, kwa sababu Papa Bahati hakuwa mtu wa kumwaga maneno. Alisema taa zinaamka zote pamoja ukizungusha ufunguo, zinakusalimia, halafu moteri ikishika zinakwenda kulala. "Ile yenye kukatala kulala njo iko na ugonjwa," alisema. "Na ile yenye haikuamuka kabisa, iyo uogope zaidi, ju hata shida ikikuja haitakwambia." Nyekundu unasimama. Ya machungwa unaweza kuendelea, ila ujue unaendelea na deni la kuangalia. Kijani na bluu ni salamu tu, za kukukumbusha kwamba umewasha taa kubwa au umeonyesha unakata kona. Ile yenye kamba iliyojikunjakunja ilikuwa ya kupasha moteri joto kabla ya kuiwasha, na kwenye baridi ya Mushaki tulikuwa tunaingoja izime, mikono kwapani, pumzi zetu zinafanya moshi kwenye kioo. Mpaka leo nikitaka kukumbuka maana ya amani, nakumbuka kungoja kule. Mshale wa mwendo ulikuwa umekufa zamani, umelala kwenye sifuri hata tukiteremka kwa kasi, na Papa Bahati alipima mwendo kwa sikio. Iliyobaki mizima ilikuwa mishale miwili, wa mazutu, yaani dizeli, na wa joto la maji, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Kuna taa moja iliyonishinda. Ilikuwa na umbo la birika, kabisa birika ya chai, na mdomo wake unadondosha tone. Siku moja tunatoka Mushaki na mzigo wa fromaji, yaani jibini, na viazi, birika ikawaka nyekundu. "Papa," nikasema kwa raha, "gari linaomba chai!" Nilikuwa tayari nimeshika chupa ya maji ya kunywa nikidhani tutalimiminia. Sijawahi kumwona mtu mpole akibadilika vile. Alizima moteri palepale katikati ya barabara, akavuta fren ya mkono, akageuka. "Ile birika haichekewe," alisema. "Ni mafuta ya moteri. Ikiwaka, unazima mbele ya kuuliza swali. Hata kama kuna jenerali nyuma yako, unazima." Akashuka, akapima kwa kijiti chake cha chuma, akaongeza mafuta, na alipopanda tena alikuwa amesharudi kuwa mpole. Halafu kilomita kama mbili mbele nikamsikia anajichekea peke yake chini ya kofia, "chai, ayi mama, chai," na machozi yakimtoka. Wiki nzima alinisalimia hivyo: Zawadi, chai iko tayari?

Basi ikawa desturi yetu. Anapanda mlima, macho yako mbali, anauliza bila kugeuka: "Maji?" Nami: "Katikati, Papa." "Mazutu?" "Nusu na kidogo." "Taa?" "Zimelala zote." Migomba inapita, wanawake wenye kuni mgongoni wanasogea pembeni, pikipiki zinatupita na mbuzi wamefungwa nyuma. "Maji?" "Katikati, Papa." Ilikuwa kama Mama Kavugho na rozari yake, mmoja anaanza na mwingine anamalizia. Wakati mwingine nilikuwa nasinzia nikijibu, na nadhani nilijibu sawasawa hata usingizini.

Nilikuja kuelewa sababu yake tulipokuwa Walikale. Tulifika kule na chumvi na sabuni, mvua ikatushika, tukakaa siku tatu kwa Mzee Kibira, mwindaji na mkulima, Mkristo wa kusali kila asubuhi ambaye hata hivyo hakuingia porini bila kufanya yale aliyoachiwa na babu zake. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, giza la kupendeza, moshi umetia rangi kila kitu, na mvua juu ya majani ya paa ilifanya watu waseme polepole. Walituandalia lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa mto kwenye mawese mekundu. Nikamwona Papa Bahati anapapasa samaki kwa vidole, anamgeuza, anamgeuza, kisha akanisogezea sahani. "Unitoshee miiba," alisema, bila kuniangalia. Nikatoa miiba. Alipotoka kwenda kuangalia turubai la gari, Mzee Kibira akanitazama, akatabasamu.

"Huyu muzee anaona nyama ng'ambo ya mulima," alisema, "lakini mwiba mu mukono yake haoni."

"Aka! Ni shoferi," nikasema. "Anaona vizuri."

"Mbali, ndiyo. Karibu, hapana. Ni macho ya wawindaji wazee, mimi pia niko nayo." Akaniambia kwamba kwao, mzee akifika hali hiyo, hawamwachi nyumbani. Wanampa kijana wa kutembea mbele yake na kusoma nyayo chini, yeye mzee anaangalia mbali, na nyama wanagawana sawa. "Lakini huyu wa mbele iko na sheria moja. Akiona, anasema. Hata mwami akiwa hapo, hata baba-mukwe. Akiona na akanyamaza, hakule hiyo nyama. Mu pori hakuna adabu ya kunyamaza."

Niliyasikia maneno yale masikioni tu. Mimi nililelewa Masisi. Msichana hamsahihishi mtu mzima mbele ya watu, na heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kesho yake, mvua imepungua, tumekaa kwenye kabini tunangoja njia ikauke, nikamuuliza Papa Bahati mwenyewe. Hakukana. Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Nikiangalia hapa mbele yangu," alisema, "ni sawa ukungu wa Mushaki. Minaona kuna kitu, sijue ni kitu gani." Nikamwambia kuna miwani. "Miwani! Mama Kavugho akiniona na miwani atasema nini? Bahati amekuwa kipofu, tafuta mwingine. Toka niko kijana sijue kazi ingine, Zawadi. Bila gari mi ni nani? Usimwambie muntu." Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote, maana nilimpenda kama baba, na maana nilijivunia, niseme kweli, kwamba gari zima lilikuwa linatembea kwa mdomo wangu.

Miezi ikapita hivyo, mizuri kuliko yote niliyoijua. Halafu Mama Kavugho akasafiri nasi. Alikuwa na ubatizo wa mtoto wa dada yake kule Walikale, na wakati wa kurudi alikaa dirishani, mimi katikati, mtarimbo wa vitesi, yaani gia, kati ya magoti yangu, Papa Bahati kwenye usukani. Nyuma tulikuwa na madumu ya mawese na mchele, mzigo wa kweli. Tulipita Nyabiondo saa za mchana, jua kali, na tukaanza kupanda kuelekea Masisi. Mama Kavugho alikuwa anasimulia ubatizo: nani alivaa nini, padri alichelewa vipi, kuku walikuwa wagumu vipi. Papa Bahati hakuuliza "Maji?" Angewezaje kuuliza? Nami nikaangalia mshale kwa sababu macho yangu yalikuwa yamezoea kwenda pale yenyewe, na mshale ulikuwa umepita katikati.

Uliendelea kupanda. Polepole, kama mtu anayekuja kwenu na habari mbaya. Ukafika kwenye alama nyekundu, ukaingia ndani yake. Neno lilikuwa moja tu, maji, lingetosha. Lakini nililiona jinsi litakavyotoka, na jinsi Mama Kavugho atakavyogeuza shingo na kusema, na weye Bahati, macho yako inaangalia nini? Niliona miwani, niliona kufukuzwa, niliona ahadi yangu. Nikafikiri kumgusa goti. Msichana hamgusi mwanaume mzima goti mbele ya mama wa kanisa. Nikakohoa. Papa Bahati akaniambia pole. Nikajiambia tukifika juu ya mlima ataacha gari lipumue, bado kidogo, bado kona mbili. Na pale, Mungu wangu, mshale ukaanza kushuka wenyewe. Ukashuka haraka, ukarudi katikati, ukapita katikati ukaenda chini. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Papa Bahati alikuwa anavuta hewa puani, amesikia harufu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, macho barabarani:

"Zawadi, tuko bien, tuko sawa?"

Nikaangalia mshale uliolala chini.

"Tuko bien, Papa."

Sikujua, hakuwa bado amenifundisha, kwamba mshale ule unapima maji, na maji yakiisha yote hauna tena cha kupima, kwa hiyo unashuka kama vile kila kitu kimepona. Dakika chache baadaye moteri ikatoa sauti ya maharage makavu kwenye kikaango, ikaguna, ikakata. Moshi mweupe ukatufunika. Papa Bahati alivuta fren ya mkono, akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu kabla ya kitu kingine chochote, ndipo akafungua boneti. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Radiatere ilikuwa kavu. Moteri ilikuwa imekufa kabisa.

Mama Kavugho alisimama barabarani na mkoba wake kifuani. "Bahati," alisema, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo, "haukuona mushale?"

Papa Bahati akaniangalia. Kwa umbali ule wa hatua tatu sijui kama aliuona uso wangu. "Niliona," alisema. "Mutoto alinisemea, mara mbili. Mi njo nilikatala kusimama. Nilisema tufike kwanza juu. Ni kichwa yangu nguvu, Mama, unisamehe."

"Ni kweli, Zawadi?"

Ndege walikuwa wanaimba kwenye mihogo. Nakumbuka hilo, na nakumbuka mikono ya Papa Bahati imejaa grisi.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Alimpa Mama Kavugho ufunguo mkononi, akachukua kofia yake na mfuko wake mdogo wa nguo, akasimamisha pikipiki iliyokuwa inakwenda Masisi. Alinishika kichwa kidogo kabla ya kupanda. Wakaleta moteri nyingine baada ya wiki nyingi, wakaleta shoferi mwingine, mlevi, akakimbia, na kwa kuwa mimi nilikuwa najua kila taa na kila mshale, Mama Kavugho akaniambia kaa hapo, jaribu. Mwaka haujaisha nilikuwa ninapanda Mushaki mwenyewe, nimekaa kwenye kiti chake, kilichokuwa bado na umbo la mgongo wake. Maisha yangu yote yametoka kwenye kiti kile. Nilikula ile nyama ambayo Mzee Kibira alisema hailiwi, nikashiba.

Nilipofika Mushaki, kilio kilikuwa kimejaa. Wanaume nje chini ya turubai, moto wa kuni mbichi, vikombe vya kasiksi, pombe ya ndizi. Ndani wanawake wanamenya viazi wakiimba chini chini. Mama Espe alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba, amekuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kisu mkononi kama wengine, amekataa kukaa bure. Aliniona nikivua viatu. "Zawadi ya kamyoneti," alisema, akanyoosha mikono, tukalia pamoja kidogo. Kisha akanivuta nikae, akanipa kiazi na kisu, na kabla sijafungua mdomo akaanza mwenyewe kusimulia, maana aliye na msiba anasimulia.

"Alikuwa anakusikia ukipita. Anasema: ile klaksoni ni Zawadi. Anafurahi siku nzima."

"Mama, nimekuja kukwambia kitu—"

"Ngoja nikwambie mimi kwanza. Unajua ile gari ilimuuma mpaka kufa? Anakaa pale inje, magari inapanda, yeye anasema peke yake: ule mushale ulinidanganya. Siku moja nilichoka, nikamuuliza, ao ni ule mutoto njo alikudanganya? Yeee! Alinikasirikia, siku tatu hakunisemesha. Alisema: Zawadi? Zawadi hawezi. Nilimuuliza, akaangalia, akanijibu. Yule mutoto alikuwa macho yangu. Ni mushale." Akacheka, akajifuta na kitenge, akanipiga paja kwa upole. "Basi usikae na roho mubaya, mwanangu. Hakuwahi kukufikiria mubaya hata siku moja."

Alikuwa ananifariji. Wanawake waliokuwa karibu walitikisa vichwa, wakasema njo vile, njo vile. Ningeweza kumenya kiazi changu, nikala nao, nikarudi nyumbani. Lakini neno lilikuwa tena moja tu, kama siku ile mlimani.

"Mama," nikasema, "mushale haukudanganya."

Kisu chake kikasimama.

"Ulipanda mpaka mu nyekundu na mimi niliuona. Nilinyamaza ju Mama Kavugho alikuwa pale, nisiseme macho ya Papa haione. Uliposhuka njo Papa aliniuliza. Na Mama Kavugho alipouliza, nilikubali uongo wake ukaniokoa. Ni mimi, Mama. Haikuwa mushale."

Kuimba kukakoma upande wetu wa chumba. Mama Espe aliniangalia, uso umekauka, nami nikangoja anifukuze. Kisha akaweka kisu chini na kuniinua kwa kunishika kiwiko, kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mwanamke mdogo vile, akanielekeza mlango wa nje, kwenye turubai, walikokaa watoto wake na majirani na mashoferi wote wa barabara ile.

"Kasemee inje," alisema. "Kwa sauti, wote wasikie. Mpaka leo wanasema ni kichwa yake nguvu njo iliua moteri."

"Na ya macho yake pia?"

"Yote. Mimi pia nilijua macho yake, na nikanyamaza. Kasemee."

Nikatoka, nikasimama mbele yao, nikasema.